Kununua humidori kubwa ya bei nafuu na kuiandaa: nianzie wapi?

Mwanagenzi (mwuliza swali)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Nimekuwa nikihifadhi biri kwa miaka minne sasa, yaani zile sigara nene zinazoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku, na muda wote huo nimetumia visanduku viwili vya mezani ambavyo kila kimoja kinasemekana kubeba biri 100. Vyote vimejaa kiasi kwamba vifuniko havikai sawasawa, na nyingine nimelazimika kuzitia kwenye makopo ya plastiki. Kwa jumla ninazo biri zipatazo 210, nyingi zikiwa za umbo la robusto, na kwa kuwa siku hizi ninanunua kwa makasha mazima, ninahitaji humidori ya kabati, yaani kabati la kutunzia biri katika unyevu unaofaa, itakayonitosha kwa miaka mingi bila kunifilisi.

Nimeona mbili zinazolingana na uwezo wangu. Ya kwanza ni mpya, ina mlango wa kioo na taa ndani, inatangazwa kuwa inabeba biri 600, na bei yake iko chini kwa namna inayonitia mashaka. Ya pili imeshatumika. Ni kabati la mbao nzito lenye mlango wa mbao tupu, limechubuka ubavuni, rafu zake zimepotea, na mwenyewe analiuza kwa karibu nusu ya bei ya lile jipya.

Ninaomba mnisaidie katika mambo haya. Je, ile idadi ya 600 ni ya kuaminika? Nitajuaje, kabla ya kulipa, kwamba kabati halivujishi hewa? Nimesoma pia kwamba mbao za ndani hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuanza kutumika, na wengine wanalikataza jambo hilo kabisa. Lipi ni sahihi? Mwisho, vipima unyevu vyangu viwili havikubaliani: ndani ya kisanduku kilekile kimoja kinasoma asilimia 68 na kingine 61, na sijui nikiamini kipi.

Fundi Bawaba

Ndugu Mwanagenzi, mimi ni seremala na nimekarabati makabati ya aina hii mara nyingi, kwa hiyo nitajibu upande wa kabati lenyewe na kuwaachia wengine upande wa tumbaku.

Idadi inayoandikwa kwenye matangazo si ya uongo kabisa, ila imehesabiwa kwa biri ambazo wewe hununui. Kwa kawaida watengenezaji huchukua umbo jembamba kama korona, lenye urefu wa inchi 5.5 na unene wa 42, nao unene huo hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Korona moja ikilazwa hukalia nafasi ya sentimita za ujazo 39 hivi. Robusto ya inchi 5 kwa unene wa 50 hukalia 50, na zile nene za inchi 6 kwa unene wa 60 hukalia zaidi ya 86. Kwa hesabu hiyo, kabati la korona 600 ni kabati la robusto 468 tu, tena zikiwa zimebanana kama dagaa kwenye kopo. Hewa nayo inahitaji njia ya kupita, na ukipunguza robo kwa ajili yake unabakiwa na robusto 350. Ukiwa mpenzi wa zile nene, hesabu inashuka hadi kama 200. Kwa hiyo kila uonapo tangazo, chukua nusu ya idadi kuwa ndiyo kabati unalonunua, na kama ikizidi hapo shukuru.

Sasa nije kwenye uvujaji, ambao ndio jambo la maana kuliko yote. Nenda na tochi ndogo na vipande vya karatasi. Iwashe tochi, iweke ndani, funga mlango, kisha omba taa za chumba zizimwe, au jifunike shuka pamoja na kabati ukilazimika. Mwanga wowote unaouona kwenye kingo za mlango, kwenye pembe za nyuma au pale kioo kinapokutana na mbao ndiyo njia ya unyevu wako kutokea. Baada ya hapo bana karatasi kwenye mlango, uvute taratibu. Ikiteleza bila kusita mlango haugusani na fremu mahali hapo. Ikishikwa kwa ukinzani ulio sawa pande zote nne, hilo ni kabati zuri. Fanya jaribio la karatasi kila baada ya sentimita 10, hasa pembe ya juu iliyo mbali na bawaba, kwa sababu mlango mzito huanza kulegea huko.

Makabati mengi ya kioo yanayouzwa kwa bei ndogo hufeli jaribio la tochi. Kioo chenyewe hakina kosa, tatizo ni namna kinavyoshikwa: mara nyingi huwekewa vishikizo vichache vya plastiki na kuachwa na mwanya mwembamba ambao macho hayauoni mchana. Mwanya huo unazibika kwa silikoni, lakini mlango uliopinda hauzibiki kwa kitu chochote, na ndiyo maana ninakuomba uangalie pia unyoofu wake kwa kuuwekea rula ndefu kutoka pembe hadi pembe.

Kuhusu mbao, ndani panatakiwa pawe na mwerezi wa Kihispania, ambao jina lake la kisayansi ni Cedrela odorata. Licha ya jina hilo hauna udugu na mierezi ya Lebanoni, kwani ni wa jamaa ya mahogani. Unapendwa kwa sababu hunywa unyevu na kuutoa polepole, haushambuliwi kirahisi na wadudu, na harufu yake haipigani na ya tumbaku. Mbao hizo lazima ziwe tupu: zikiwa zimepakwa vanishi ndani, haziwezi kupumua. Angalia pia kingo za rafu na droo. Ukiona tabaka jembamba kama ganda la kitunguu limegandishwa juu ya ubao wa unga wa mbao, jua kwamba unanunua harufu ya mwerezi bila uwezo wake wa kuhifadhi unyevu.

Kwa maelezo yako, na bila kuyaona makabati yenyewe, mimi ningeanza na lile lililochubuka. Mchubuko ni kazi ya saa moja ya msasa, na rafu zinachongeka. Ila vuta pumzi ndani yake kabla ya kutoa fedha: likinuka ukungu, au ukiona madoa meupe yenye manyoya pembeni, mpe mwenyewe mkono wa kwaheri.

Bint Subira

Nimefurahi kwamba fundi ameanza na mlango. Mimi nitaendelea na unyevu, na naomba univumilie, kwa kuwa nina machungu yangu katika jambo hili.

Tuanze na vipima unyevu, maana bila kuvisahihisha yote yatakayofuata yatakuwa ya kubahatisha. Chukua kizibo cha chupa, tia chumvi ya mezani, kisha dondoshea maji tone kwa tone hadi chumvi iwe kama uji mzito. Isiyeyuke, wala maji yasisimame juu yake. Weka kizibo hicho pamoja na vipima vyote viwili ndani ya chombo cha plastiki kinachofungwa barabara, ukiache mahali pasipobadilika joto kwa siku nzima. Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, iwe kwako au kwingineko kokote, na ndiyo sababu tunaitumia kama mizani. Kipima kikisoma 78, kitoe 3 kila mara. Kikisoma 71, kiongeze 4. Andika tofauti hiyo kwa kalamu nyuma ya kila kimoja. Hata hivyo, vile vya mshale vinavyokuja bure na kabati vinafaa kwa mapambo tu.

Kwa kiwango cha kulenga, biri nyingi hukaa vizuri kati ya asilimia 65 na 70, na wengi wenye biri za Cuba huzishusha hadi kati ya 62 na 65. Ikipita 75 unaukaribisha ukungu.

Sasa nikujibu kuhusu kitambaa chenye maji: usikitumie. Ili uone sababu, fikiria kabati lenye ujazo wa lita 240. Hewa yote iliyomo humo, ikiwa na joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, ina maji yasiyofika gramu 3, ambayo hayajazi hata kijiko cha chai. Lakini mbao za ndani, rafu na droo zikiwa na uzito wa kilo 12, na zikitoka dukani zikiwa na maji ya asilimia 8 ya uzito wake, zitataka kufika karibu asilimia 12 ili zitulie na hewa hiyo. Hapo zinadai gramu 480, karibu nusu lita ya maji. Kwa hiyo kipima kinaweza kuonyesha 70 kesho asubuhi, kwa sababu kijiko kile cha hewa kimeshajaa, na mbao zikawa bado zina kiu kabisa. Ukizipangusa kwa maji, uso wake unalowa na kiini kinabaki kikavu, nao ubao wenye hali mbili kwa wakati mmoja hupinda.

Hayo niliyajua kwa hasara. Kabati langu la kwanza nililipangusa kwa sponji iliyolowa, nikaona kipima kimefika 70 kabla ya siku mbili, nikahamishia biri 90 kwa furaha. Siku ya nne kipima kilikuwa 63, siku ya kumi 54. Rafu ya katikati ilikuwa imejikunja kama upinde, droo moja haikutoka tena. Nilichukua biri moja nikaibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, ikatoa mlio wa jani kavu linalokanyagwa, na jani la nje likapasuka kuanzia mguuni, yaani upande unaowashwa, hadi kwenye pete ya karatasi. Kumbe mbao zilikuwa zimeendelea kunywa, na zilichokuwa zikikinywa ni unyevu wa biri zangu. Kati ya zile 90, niliokoa 61.

Namna ninayofanya sasa ni hii. Weka rafu na droo zote ndani, zikiwa zimeachiana nafasi. Tia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, kwenye mabakuli mawili mapana, moja chini na jingine katikati, kila moja likiwa juu ya sahani ili maji yasiguse ubao, na uweke sponji mpya isiyo na sabuni ndani ya kila bakuli ili eneo la kutoa mvuke liongezeke. Maji ya bomba yaache, kwa kuwa yana chokaa na vijidudu. Na kama mahali ulipo maji yaliyokenekwa huuzwa kwa jina la maji ya betri, hakikisha kwamba si ile tindikali, maana zote mbili huitwa hivyo. Funga mlango na usiufungue zaidi ya mara moja kwa siku mbili.

Kipima kitapanda, kitasimama, pengine kitashuka kidogo, kisha kitapanda tena. Kikikaa karibu na 75 kwa siku kadhaa mfululizo, ondoa mabakuli yote na ufunge. Kaa siku mbili. Kikiporomoka chini ya 60, mbao hazijashiba, rudisha mabakuli. Kikishuka taratibu na kusimama katikati ya sitini, hapo kabati liko tayari. Kabati kubwa huchukua wiki mbili hadi tatu, na lililokauka sana hupita hapo. Wengine hutumia pakiti za Boveda, vile vifuko vya kudhibiti unyevu vinavyouzwa tayari, za asilimia 84 kwa siku 14, ambazo ni salama na hazimwagiki, lakini kwa kabati la ukubwa wako utahitaji nyingi, na kwa kuwa unabana matumizi, bakuli linafanya kazi hiyohiyo.

Mzee wa Deli

Mwanangu Mwanagenzi, wenzangu wamesema vizuri, nami naongeza mambo mawili tu.

La kwanza, usilione kabati kuwa ndiyo njia pekee. Mimi biri zangu zaidi ya 300 ziko ndani ya deli, lile sanduku la plastiki lenye kuta nene la kuwekea barafu na vinywaji, na ziko humo kwa miaka 11. Kifuniko kinabana, kuta zinazuia joto la mchana lisiingie haraka, na plastiki hainywi unyevu, kwa hiyo hakuna kuandaa kwa wiki tatu. Nililiosha, nikaliacha wazi juma zima na bakuli la magadi ndani hadi harufu ya plastiki ikaisha, nikaziba tundu la kutolea maji, nikapanga makasha ya biri yakiwa na mbao zake, nikatia pakiti za asilimia 65. Halipendezi sebuleni, hilo nakubali, na mke wangu amelifunika kwa kitambaa. Lakini kwa mtu anayetafuta nafasi kubwa kwa fedha kidogo, sijaona kinacholishinda.

La pili ni joto, ambalo watu hulisahau kwa kuutazama unyevu peke yake. Kuna kidudu cha tumbaku, Lasioderma serricorne, chenye urefu wa milimita 2 hadi 3, ambacho mayai yake huweza kuwa ndani ya majani tangu ghalani. Joto likiwa chini ya nyuzi 20 mayai hayo hulala. Likipita 24 na kubaki huko, hatari ya kuanguliwa inakua, na buu akishaanza kula hutoboa biri tundu la ukubwa wa kichwa cha pini na kutoka upande wa pili akiingia kwa jirani. Lenga nyuzi 18 hadi 21. Usiweke kabati karibu na dirisha linalopigwa na jua, wala juu ya kifaa kinachotoa joto, wala kwenye ukuta wa nje unaowaka mchana.

Kama chumba chako hukaa na joto zaidi ya hapo mwaka mzima, basi kabati la mbao peke yake halitakuokoa, na utahitaji friji ndogo ya mvinyo. Chukua isiyo na kompresa, ile inayopoza kwa bamba la umeme, kwa sababu ya kompresa hukausha hewa sana: unyevu hugandia kwenye ubaridi wa nyuma na kuchuruzika nje. Ile ya bamba ina udhaifu wake, kwani uwezo wake wa kushusha joto chini ya lile la chumba una kikomo, lakini kwa biri unatosha.

Biri mpya usizozijua zilikotoka zigandishe kwanza. Zifunge ndani ya mifuko miwili inayobana, zikae kwenye friji siku moja, kwenye friza siku tatu, zirudi kwenye friji siku moja nyingine, ndipo zitoke nje zikiwa bado zimefungwa hadi zipate joto la chumba. Ukizitoa kwenye friza moja kwa moja hadi mezani, majani ya nje yatapasuka.

Mwanagenzi

Shikamoo Mzee, na shukrani nyingi kwenu Fundi na dada Bint Subira.

Nimekwenda na tochi. Lile jipya la kioo lilionyesha mwanga pande tatu za kioo na kwenye pembe ya chini ya mlango, na karatasi iliteleza kama hakuna kitu. Lile kuukuu lilikuwa giza tupu isipokuwa mstari mwembamba kwenye mwungano wa ubao wa nyuma, na karatasi ilishikwa pote isipokuwa sehemu moja karibu na bawaba ya juu. Halinuki ukungu. Nimelinunua, na tayari liko nyumbani. Ndani lina upana wa sentimita 55, kina cha 40 na kimo cha 110, na mwerezi wake ni mnene.

Jaribio la chumvi limenishangaza. Kile kilichosoma 68 kilisoma 79, na kile kilichosoma 61 kilisoma 72, maana yake cha kwanza kinazidisha 4 na cha pili kinapunguza 3, na kisanduku changu kilikuwa 64 kwa vyote viwili tangu mwanzo.

Nina maswali mawili yaliyobaki: ule mwanya wa nyuma niuzibe kwa nini, na baada ya mbao kushiba nitumie nini kudumisha unyevu, na kwa kiasi gani?

Fundi Bawaba

Mwanya uzibe kwa silikoni ya matangi ya samaki, kwa upande wa nje, nayo iachwe ikauke kabisa na mlango ukiwa wazi. Ikiwa mbichi hutoa harufu kali ya siki. Usianze kuandaa mbao hadi uweke pua nyuma ya kabati usisikie siki hata kidogo, maana mwerezi ukishainywa harufu hiyo hautaiachia upesi. Penye bawaba ya juu usibandike mpira. Legeza skurubu, ingiza kipande cha karatasi ngumu nyuma ya bawaba, kaza, kisha jaribu tena.

Rafu chonga kwa vipande vyembamba vilivyoachana sentimita 1, na zisifike hadi ukuta wa nyuma. Acha sentimita 3 ili hewa ishuke na kupanda. Gundi itumie kidogo, na popote unapoweza tumia misumari ya mbao.

Bint Subira

Kudumisha, tumia pakiti zinazotoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ikizidi. Kipimo cha kawaida ni pakiti moja ya gramu 60 kwa kila nafasi ya biri 25, ukihesabu uwezo wa kabati wala si biri ulizonazo leo. Kwa mfano, kabati la robusto 350 linataka pakiti 14, au zile kubwa za gramu 320 kama tatu, ambazo kwa uzito mara nyingi hutoka nafuu zaidi. Changanya: kubwa mbili chini na katikati, ndogo chache kwenye rafu za juu. Chagua asilimia moja tu kwa kabati zima. Ukiweka za 65 na za 69 pamoja zitapigana, moja ikitoa na nyingine ikinyonya, hadi zote zichoke. Pakiti ikiwa ngumu kama biskuti imekwisha. Shanga za silika nazo zinafaa na hutumika miaka mingi kwa kuongezewa maji yaliyokenekwa, ila usizilowanishe zote: acha kama theluthi ziwe kavu ili ziwe na mahali pa kupokea unyevu unaozidi.

Weka kipima kimoja juu na kingine chini, na usishtuke vikitofautiana. Chini kuna ubaridi zaidi, na kwa kiwango kilekile cha maji hewani, kila nyuzi 1 ya joto inayopungua hupandisha usomaji kwa karibu asilimia 4. Hivyo hata usiku na mchana utaona mabadiliko yasiyo na maana yoyote kwa biri, zilizojaa majani yaliyobanana na zisizobadilika kwa saa chache. Wengi huharibu kabati zuri kwa kufungua mlango kila wanapoona namba imeyumba, huku wakiongeza na kupunguza.

Na biri zako zilizokaa kwenye makopo, kama zimekauka, zisiingie mara moja kwenye 69. Majani ya ndani yakivimba kwa ghafla yatalipasua jani la nje. Anza na 62 kwa wiki kadhaa, kisha panda.

Mwanagenzi

Narudi na taarifa ya siku 23 tangu niingize mabakuli.

Silikoni ilichukua siku nne hadi harufu ya siki kuisha. Rafu tano nilizichonga mwenyewe kwa mwerezi, zikatoka na dosari kidogo lakini zinakaa. Mabakuli niliyapima kwa mizani ya jikoni kabla ya kuyaingiza. Siku ya pili kipima cha chini, baada ya kukisahihisha, kilisoma 71, na kama nisingekuwa nimesoma maneno ya dada Bint Subira ningehamisha biri siku hiyohiyo. Siku ya tatu kilishuka hadi 64, siku ya tano 68, siku ya tisa 73, na kuanzia siku ya 13 kikabaki kati ya 74 na 75. Siku ya 16 nilitoa mabakuli, na siku ya 18 kilikuwa 58. Nikayarudisha. Siku ya 21 nikayatoa tena, na leo, siku ya 23, chini panasoma 67 kwa joto la nyuzi 19.5, na juu 64 kwa nyuzi 20.5. Kwa muda wote huo maji yaliyopungua kwenye mabakuli ni gramu 430.

Nimeweka pakiti mbili kubwa za asilimia 65 na nne ndogo, na jioni hii nimeingiza makasha matatu ya robusto kwenye rafu ya katikati, yakiwa yamefunguliwa vifuniko. Saa mbili baadaye kipima cha juu kimeshuka hadi 62 kwa sababu mlango ulikaa wazi wakati napanga. Nimefunga, na sitafungua hadi keshokutwa. Zile za kwenye makopo zimebaki humohumo na pakiti ya 62, na za visanduku vya mezani zitaingia Jumamosi, kimoja kimoja.

Mzee wa Deli

Marahaba, mwanangu. Vile visanduku vya mezani usiviuze. Kimoja kiwe cha biri unazotarajia kuvuta mwezi huo, ili kabati lisifunguliwe kila jioni, na kingine kiwe karantini ya zile zinazotoka kwenye friza.